Barua ya wazi kwa mnaoshika ramani ya Dodoma: someni maisha ya Lewis Mumford kabla hamjapanua barabara nyingine

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Najua mezani kwenu kumejaa mafaili ya fidia, hifadhi za barabara, viwanja vyenye wamiliki wawili na malalamiko ya mipaka. Barua ya mkazi mmoja wa Dodoma inayomzungumzia Mmarekani aliyefariki Januari 1990 haiwezi kuwa ya dharura. Hata hivyo naomba mnitegee sikio.

Mtu huyo ni Lewis Mumford. Kwa zaidi ya miaka 60 aliandika kuhusu mashine na miji. Rais Lyndon Johnson alimvisha nishani ya juu kabisa ya raia mwaka 1964. Mwaka 1967 aliitwa kutoa maoni mbele ya kamati ya Seneti kuhusu hali ya miji. Kitabu chake The City in History kilipata tuzo ya taifa ya vitabu. Lakini jiji lake mwenyewe, New York, lilikuwa likifanya kinyume chake karibu kila mara, na kila barabara ilipomalizika kuleta madhara aliyoyatabiri, palikuwa hapabomoleki tena. Dodoma haijafika huko. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956. Ya 2022 ikatukuta 765,179. Zege kubwa ndiyo kwanza linamwagwa, na ndiyo maana naandika sasa.

Kuna uzi unaotoka kwake hadi kwenye makabati yenu. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, kazi ya kuchora mji walipewa Project Planning Associates wa Toronto, kampuni ya Macklin Hancock. Hancock alijipatia jina kwa kuchora Don Mills, kitongoji kipya cha Toronto cha miaka ya 1950. Don Mills nayo imechota mengi kutoka Radburn, mji mdogo wa New Jersey ulioanza mwaka 1929 kwa michoro ya Clarence Stein na Henry Wright. Hao wawili walikuwa marafiki wa Mumford, wenzake katika kikundi kidogo kilichoanza New York mwaka 1923 kujadili namna ya kupanga miji pamoja na mashamba, mito na misitu inayoizunguka. Baadaye, ilipofika zamu ya kuchora kitovu cha serikali, akaja James Rossant wa New York, aliyekuwa ameshachora Reston, mji mpya wa Virginia wenye mila hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema Mpango Kabambe wa 1976 ni wa Wakanada hajakosea, ila ukoo wake unaanzia mbali zaidi.

Mumford alizaliwa Flushing, Queens, sehemu ya New York ya leo, tarehe 19 Oktoba 1895, akalelewa na mama yake Manhattan, katikati ya jiji hilohilo. Baba yake mzazi hakumjua. Jiji alifundishwa na babu, aliyekuwa akimshika mkono wakazunguka mitaa na bustani kwa miguu, na tabia hiyo ya kutembea haikumtoka. Shuleni Stuyvesant alipenda umeme na redio, akataka kuwa mhandisi, na alipokuwa bado kijana mdogo makala zake zilikuwa zimeanza kutoka kwenye jarida la mafundi wa umeme. Mwaka 1918 aliingia jeshi la majini, akafunzwa kuendesha redio. Nayataja haya mapema kwa sababu huku kwetu kila anayehoji barabara pana huambiwa anapinga maendeleo. Huyu alizijua mashine kutoka ndani kabla ya kuziandika.

Masomo ya juu aliyafanya jioni, City College. Ugonjwa wa kifua ukamtoa darasani, na shahada hakuipata. Naomba mlikumbuke hilo siku mwenyekiti wa mtaa au mama muuza mboga atakaposimama kwenye mkutano wenu na kuulizwa kama ana utaalamu.

Kilichombadilisha kilikuwa maandishi ya Patrick Geddes, Mskoti, mtaalamu wa viumbe aliyegeukia miji. Geddes alishikilia jambo moja ambalo maofisa wenu wa upimaji wangelipenda: pima kwanza, kisha panga. Lakini kupima kwake hakukuwa kwa ramani na kamba tu. Alitaka mpangaji atembee, aone maji yanakwenda wapi, nani anauza nini chini ya mti gani, watoto wanachezea wapi, wazee wanakaa wapi jioni. Mwaka 1914 alikwenda India, na katika miji ya kusini mwa nchi ile alikuta maofisa wa kikoloni wamejiandaa kupasua mitaa ya zamani kwa barabara zilizonyooka, nyumba kwa mamia zikibomolewa. Akapita vichochoroni kwa miguu, akachora upya. Alionyesha kwamba ukiondoa nyumba chache zilizochakaa kabisa, ukaunganisha vipenyo, ukapanda miti na kuacha uwanja mdogo hapa na pale, mtaa unapata hewa na watu wanabaki majumbani mwao kwa sehemu ndogo ya gharama. Sisi leo tunayo kazi ya urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kumilikisha mitaa iliyojengwa bila mpango. Sijui kama wanaoifanya wamewahi kusikia jina la Geddes, lakini kila ninapomwona mpima anasimama kwenye kichochoro na kuwauliza wenyeji njia yao ya mazoea inapita wapi kabla hajachomeka bikoni, namwona mwanafunzi wake.

Mumford alianza kuzunguka New York na kijidaftari, akichora na kuandika alichokiona. Wakaandikiana barua na Geddes kwa miaka, wakaonana mwaka 1923, na kuonana kwenyewe hakukwenda vizuri. Mzee alikuwa amempoteza mwanawe vitani mwaka 1917 na akamtazama kijana huyu kama mbadala wake; kijana alitaka mwalimu, hakutaka baba. Hata hivyo Mumford alimpa mwanawe wa kiume, aliyezaliwa 1925 kwa mkewe Sophia, jina la Geddes.

Sasa nije kwenye sehemu ninayotaka mkae nayo kidogo. Mwaka 1925 Mumford na mkewe walihamia mtaa mpya wa Sunnyside Gardens, Queens. Ilikuwa kazi ya Stein na Wright pia, imejengwa kati ya 1924 na 1928 kwenye ardhi iliyonunuliwa kwa kampuni ya reli. Nyumba zake ni za matofali, ndogo, za watu wa kipato cha kawaida. Ubunifu ulikuwa katika kilichobaki baada ya nyumba. Badala ya kila mmoja kupewa kiua chake chote, wachoraji walipanga nyumba kuzunguka bustani ya pamoja katikati ya kila bloku. Mwenye nyumba alikuwa na kipande chake kidogo nyuma ya mlango, na mbele ya hapo palikuwa pa wote. Mumford alikaa pale miaka 11. Alikuwa ameandika sana kuhusu miji bora ya kwenye vitabu. Pale aliishi kwenye iliyojengwa, na hadi uzeeni aliikumbuka kwa wema.

Bustani zile zilikuwa na ulinzi wa maandishi. Mikataba ya nyumba ilisema sehemu ya pamoja haitajengwa wala kuwekewa uzio kwa miaka 40. Miaka 40 ikapita. Katikati ya miaka ya 1960 mikataba ikaisha muda wake, na haukupita muda baadhi ya wenye nyumba wakaanza kuvuta uzio, kila mtu akijikatia kipande chake, na baadhi ya bustani zile zikageuka viua vya kawaida vilivyojaa senyenge na mabanda. Hakuna aliyevunja sheria. Karatasi tu ndiyo iliyokwisha nguvu.

Waheshimiwa, hapa Dodoma karatasi haisubiri miaka 40. Kwenye mtaa ninaoishi kuna eneo ambalo mchoro wa mipango miji unalionyesha kama eneo la wazi. Watoto wanachezea mpira pale, msiba ukitokea turubai linafungwa pale, na mikutano ya mtaa inafanyika pale kwa sababu ofisi ya mtaa haitoshi watu ishirini. Siku moja tuliamka tukakuta bikoni mpya nne na lundo la mawe. Tukauliza, tukaambiwa kuna mchoro mwingine. Tulipoomba kuuona, aliyekuwa nao alikuwa safarini. Sitaji ofisi, kwa sababu sitaki barua hii iwe ya kesi moja. Nataka muone kwamba eneo la wazi lisilojulikana na wanaolizunguka lina ulinzi mdogo kuliko ule wa Sunnyside, na ule wenyewe ulishindwa.

Radburn ilikwenda mbele zaidi ya Sunnyside. Marekani ilikuwa imeanza kujaa magari, na wachoraji wakaamua gari na mtoto wasikutane. Nyumba zilipewa mgongo barabarani na uso bustanini. Vijia vya miguu vilipita kwenye bustani hadi shuleni, na palipokuwa na barabara ya kukatiza, kijia kilipita chini yake. Mtoto angeweza kwenda shule na kurudi bila kukanyaga lami ya magari. Mdororo wa uchumi uliivunja kampuni iliyoujenga, mji ukabaki kipande, lakini wazo likasafiri. Ukiifungua ramani ya Dodoma ya 1976 unalikuta. Makazi yaligawanywa katika jumuiya zenye shule na huduma zake, zikiunganishwa na njia maalumu ya mabasi iliyokuwa ndio uti wa mgongo wa mji, na waenda kwa miguu na wapanda baiskeli wakapewa njia zao. Majengo ya kuwatisha wananchi hayakutakiwa. Nyerere alitaka makao makuu ambayo mkulima akija hajihisi mgeni.

Fikirini: njia maalumu ya mabasi, kwenye karatasi, Dodoma, 1976. Dar es Salaam ilianza mwendokasi mwaka 2016. Tulikuwa nayo kabatini miaka 40 na hatukuijenga kama ilivyochorwa.

Sisemi mpango ule ulikuwa msahafu. Mji uliotanuliwa sana, viwanja vikubwa na mapengo kati ya jumuiya na jumuiya, ulihitaji mabasi mengi ambayo nchi haikuwa na fedha za kuyanunua, na penye pengo bila basi mtu anatembea juani kilomita kadhaa. Vijia vya nyuma ya nyumba navyo huku kwetu vimezingirwa na kuta, vingine vimekuwa mitaro na madampo. Na Mumford mwenyewe alikuwa na upofu wake. Alipenda miji midogo yenye mashamba pembeni kiasi kwamba msongamano wa mtaa wa kawaida, wenye duka chini na watu juu, ulimkera. Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji aliyekuwa akiishi Greenwich Village, mtaa wa New York, alimshambulia kwa hilo mwaka 1961: usalama wa mtaa, alisema, unatokana na macho ya watu wengi walioko barabarani mchana na usiku, na bustani tupu haina macho. Mumford alimjibu mwaka uliofuata kwa makala ndefu na kali, yenye dharau isiyompendeza mzee wa heshima yake. Kwenye ugomvi ule mimi niko na mama Jacobs kwa zaidi ya nusu. Anayebisha apite Majengo jioni, halafu apite mtaa wa majumba ya geti saa ileile, aniambie wapi angependa binti yake apite peke yake.

Lakini juu ya barabara walikuwa upande mmoja, na hapo ndipo penye somo letu kubwa.

Mpinzani wao alikuwa Robert Moses. Hakuwahi kushinda uchaguzi wowote, lakini kwa miongo minne, hadi 1968, alishika mamlaka ya bustani, madaraja na barabara za New York, na alichotaka kijengwe kilijengwa. Barabara yake ya haraka ya kukatiza Bronx, upande wa kaskazini wa jiji, ilipasua mitaa ya wafanyakazi, maelfu ya familia zikahamishwa. Ajabu ni kwamba bwana huyu hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Alikuwa na madereva. Aliiona barabara kutoka kiti cha nyuma. Mumford alikuwa na safu yake kwenye jarida la The New Yorker tangu 1931, na mule ndimo alimokuwa akihesabu gharama ambazo Moses hakuziweka kwenye vitabu: duka la jirani lililokufa, mkongwe asiyeweza kuvuka tena kwenda kwa dada yake, reli iliyoachwa ioze.

Mwaka 1955 aliandika kwamba kutibu foleni kwa kuongeza njia ni dawa ya fundi cherehani kwa mtu mnene: anafumua mshono wa suruali, analegeza mkanda, na ulafi unabaki palepale. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya barabara kuu, kama kilomita 66,000, na Mumford akasema jambo la hisani ambalo mtu anaweza kulisema juu ya wabunge wale ni kwamba hawakujua wanachokifanya. Hoja yake haihitaji shahada. Barabara ikipanuka, leo safari inakuwa fupi. Kwa kuwa ni fupi, watu wanajenga mbali zaidi, anayepanda basi ananunua gari, duka linahamia palipo na maegesho, na baada ya miaka michache njia sita zimejaa kama zilivyojaa mbili. Aliyekuwa akitembea ndiye ameumia, kwa sababu umbali umeongezeka na barabara ya kuvuka imekuwa pana.

Moses alitaka pia kupitisha barabara katikati ya Washington Square, bustani ndogo ya umma kusini mwa Manhattan. Kina mama wa mtaa walikataa, wakiwa na watoto wao mikononi, na Mumford akawaandikia tamko la kuwaunga mkono. Mwaka 1958 bustani ikafungwa kwa magari kwa majaribio. Wahandisi walikuwa wametabiri mitaa ya pembeni itazibwa na magari. Haikuzibwa. Magari yalipungua tu, na hadi leo hakuna gari linalopita mle. Katika mapambano yake yote na Moses, hili ndilo nililolisoma mara nyingi zaidi, kwa sababu waliolishinda hawakuwa na cheo chochote.

Msinielewe vibaya kuhusu barabara kubwa. Mwaka 1931 Mumford na rafiki yake Benton MacKaye waliandika kwamba barabara kuu zijengwe zisizoingia mjini, zipite nje, na miji iguswe kwa michepuko. Barabara yetu ya mzunguko wa nje, kilomita 112 na ushei, ni wazo hilohilo, na malori ya Rwanda, Burundi na Congo yakipita kule sisi tutalala vizuri. Ila walitoa na sharti: pembezoni mwa barabara ya namna hiyo pasiachwe pakaota maduka, vituo vya mafuta na nyumba mstari kwa mstari, maana ikitokea hivyo itakuwa mtaa mwingine wa foleni na mtahitaji mzunguko wa tatu. Viwanja vya pembeni mwake vimeshaanza kutangazwa mitandaoni. Mmeviona?

Kuhusu mashine kwa ujumla, kitabu chake cha 1934 kilisema jambo ambalo lilishangaza wengi: kwamba mashine iliyozaa zama za viwanda ni saa, kabla ya injini ya mvuke. Watawa wa Ulaya walihitaji kusali kwa zamu, saa ikawapangia siku, na baadaye kiwanda kikachukua utaratibu uleule. Alichotaka tuone ni kwamba kifaa huingia na amri zake. Gari nalo lina amri zake: nipe upana, nipe maegesho, niondolee mti. Mumford hakusema gari lifukuzwe. Alisema mji wenye akili unakuwa na miguu, baiskeli, basi, treni na gari, kila kimoja kwa umbali wake, na kosa ni kukipa kimoja mji mzima. Tuna treni ya umeme kutoka Dar tangu 2024, ya kujivunia. Swali lake lingekuwa dogo: abiria akishuka na begi na mtoto, bila hela ya bajaji, anafikaje mjini?

Uzeeni aliandika kwa giza zaidi. Mwanawe Geddes aliuawa vitani Italia Septemba 1944, akiwa na miaka 19, na tangu hapo maandishi ya mzee yana jeraha. Machi 1946 alichapisha makala akiwaambia viongozi wa nchi yake, waziwazi, kwamba wana wazimu kwa kuendelea kutengeneza mabomu ya atomiki kana kwamba ni kazi ya kawaida ya ofisi. Mwaka 1965 alisimama mbele ya wasomi na wasanii wenzake akalaani vita vya Vietnam, wengine wakakasirika. Mimi sina ujasiri wa kuwaita wazimu, waheshimiwa, wala sababu. Naleta mfano huo kuonyesha kwamba kwake mtu anayelipenda taifa ndiye anayewaandikia wakubwa.

Sasa nirudi mtaani kwetu. Barabara yetu ilipanuliwa. Kabla ya hapo palikuwa na miarobaini mikubwa pande zote mbili. Chini ya mmoja alikaa fundi viatu, chini ya mwingine palikuwa na kijiwe cha kahawa na bao, wa tatu ulikuwa kituo cha bodaboda, na wa nne walikaa wanafunzi wakisubiri jua lipungue. Miti ilikatwa siku moja. Barabara ni nzuri, sitasema uongo, vumbi limekwisha. Lakini kivuko chenye mistari kiko mbali na shule, kwa hiyo watoto wanavukia palepale walipozoea, wakishikana mikono, wanasubiri, wanakimbia hadi katikati, wanasimama kwenye ukingo wa zege usiotosha miguu yao, wanakimbia tena. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akienda zahanati kwa mkongojo, siku hizi anapanda bajaji kwa safari ya kuvuka barabara. Bajaji inakwenda hadi penye mgeuko, inarudi, inamshusha upande wa pili. Anailipa nauli kamili.

Hayo hayaonekani kwenye taarifa ya mradi. Taarifa ina kilomita, upana, gharama na asilimia ya utekelezaji. Naomba muongeze safu moja: mtu wa kwa miguu anahitaji muda gani kufika upande wa pili, kabla na baada. Mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho kabla safu hiyo haijajazwa na ofisi ya mtaa kuthibitisha. Na miti ihesabiwe kama mnavyohesabu nguzo za taa, itakayokatwa na itakayopandwa, na nani ataimwagilia katika kiangazi chetu cha miezi saba. Mche uliopandwa siku ya uzinduzi na kiongozi mbele ya kamera mwezi wa tano umekufa kabla ya mwezi wa nane.

Mpango Kabambe wa sasa, wa 2019 hadi 2039, naomba ubandikwe kwenye ofisi ya kila kata, ramani ya kata ile tu, kwa ukubwa ambao mtu anaona kiwanja chake, maeneo ya wazi yakiwa yamepakwa rangi. Ambapo matumizi yanataka kubadilishwa, tangazo liwekwe kwenye eneo lenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi yule wa mkongojo anazisoma bila miwani. Hati za maeneo ya wazi ziandikwe kwa namna ambayo mtaa una sauti, na zisiwe na tarehe ya mwisho. Sunnyside imetufundisha tarehe ya mwisho inafanya nini. Na ile njia ya mabasi ya 1976 itafutwe kabatini. Sehemu zake zimeshajengwa nyumba, najua. Nyingine bado ni pori na makorongo, na huko ndiko mji unakokwenda, Ihumwa, Mtumba na mbele yake. Ikiachwa miaka mitano mingine mtailipia fidia.

La mwisho ni mwaliko. Geddes aliwafundisha wanafunzi wake kutembea kabla ya kuchora, na Mumford alifanya hivyo maisha yake yote. Njooni mwezi wa kumi, saa saba mchana, bila msafara, mkiwa na viatu vya kawaida. Mtashukia kituo cha daladala, tutakwenda shuleni, tutavuka barabara pale wanapovukia watoto, tutapita zahanati, tutamalizia kwenye lile eneo la wazi. Mwenyekiti wa mtaa ameshakubali kuwaongoza, na mchoro wa zamani anao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Dodoma